Silikoni Isiyotupwa: Jinsi Chipu Zenye Kasoro Zinavyoendesha Gemu

Ndani ya kila PlayStation 5 kuna vitengo 40 vya kukokotoa michoro. Vinavyofanya kazi ni 36. Vinne vilivyobaki vimo humo humo, vimechapwa kwenye silikoni kwa gharama ileile kama wenzao, ila havijawahi kuwashwa na havitawashwa. Xbox Series X ina vitengo 56 na hutumia 52. Mdogo wake, Series S, ana 24 na hutumia 20. Hata kizazi cha mwaka 2013 kilikuwa hivyohivyo: PlayStation 4 ilibeba 20 ikatumia 18, na Xbox One ikabeba 14 ikatumia 12.

Anayekutana na takwimu hizi kwa mara ya kwanza hudhani kaibiwa. Namwelewa. Lakini hesabu ukiifuata hadi mwisho, unakuta kinyume chake: bila vitengo hivyo kuachwa vimelala, konsoli hizo zingekuwa ghali zaidi, au zisingepatikana kwa wingi unaotakiwa. Wapo wanunuzi waliodhulumiwa kweli katika biashara hii ya chipu zenye kasoro, na habari yao nitaifikia. Wenye konsoli si miongoni mwao.

Doa moja, hasara ngapi

Chipu haitengenezwi moja moja. Kiwanda huanza na sahani nyembamba ya silikoni yenye kipenyo cha milimita 300, kisha juu yake huchapa chipu nyingi kwa pamoja, tabaka juu ya tabaka, kwa kutumia mwanga, kemikali na gesi. Sahani moja hupitia mamia ya hatua na hukaa kiwandani wiki nyingi kabla ya kukatwa vipande. Hewa ya vyumba hivyo huchujwa kwa ukali mkubwa, na wafanyakazi huvaa mavazi yanayowafunika kuanzia utosini hadi unyayoni, lakini usafi wa asilimia mia haupo duniani. Chembe isiyoonekana kwa macho ikitua mahali pabaya, au tabaka likiwa jembamba kuliko inavyotakiwa katika eneo dogo tu, waya mmoja hukatika au nyaya mbili zisizopaswa kugusana hushikana. Hapo chipu imepata doa.

Madoa haya hutawanyika ovyo juu ya sahani, na hasara inayoletwa nayo hutegemea sana ukubwa wa chipu. Sahani ileile yenye madoa yaleyale, ukiikata vipande vidogo, vingi vitatoka salama. Ukiikata vipande vikubwa, karibu kila kimoja kitaangukiwa na doa lake.

Tuiweke kwa namba, kwa kanuni rahisi ambayo wahandisi huitumia kukadiria mavuno ya sahani. Chukua kiwanda kilichokomaa, chenye wastani wa doa moja katika kila sentimita 10 za mraba. Chipu yenye ukubwa wa sentimita moja ya mraba itatoka nzima mara 90 katika kila 100. Yenye sentimita tatu itatoka nzima mara 74, na yenye sentimita sita mara 55 hivi. Sasa chukua kiwanda kinachoanza teknolojia mpya, madoa yakiwa mara tano ya yale. Chipu ndogo inashuka hadi 61, ya kati inaporomoka hadi 22, na ile kubwa inabaki na 5 tu kwa kila 100. Ukubwa huu si wa kubuni. Chipu ya Xbox Series X ina takribani milimita 360 za mraba, na chipu iliyo ndani ya kadi ya michoro ya RTX 4090 ina kama 608.

Baki na ile ya sentimita tatu katika kiwanda kichanga. Sahani moja inatoa takribani chipu 200. Zisizo na doa lolote ni kama 44. Ukiuza hizo tu, gharama yote ya sahani inabebwa na chipu 44. Lakini katika zile zilizobaki, kama 67 zina doa moja tu, si zaidi. Ikiwa nusu ya eneo la chipu ni vitengo vya michoro vinavyofanana, basi nusu ya madoa hayo pekee yameangukia ndani ya kitengo kinachoweza kuzimwa bila kuathiri kingine. Kizime, na chipu nyingine kama 33 zinarudi kwenye mauzo. Zilikuwa 44, sasa ni 77, na gharama ya kiwanda haijaongezeka hata senti. Na hapo bado sijahesabu zile zenye madoa mawili yaliyoangukia pazuri.

Kiwanda kikishakomaa faida hupungua, lakini haiishi. Kwa doa moja katika kila sentimita 10, chipu 148 kati ya 200 zinatoka nzima, na nyingine 22 hivi zinaokolewa kwa njia hiyohiyo.

Ujanja wote unasimama juu ya jambo moja: marudio. Kitengo cha michoro hurudiwa mara kadhaa ndani ya chipu, kila kimoja kikiwa pacha wa mwenzake, kwa hiyo kimoja kikiondoka kazi hugawanywa kwa waliobaki. Viini vya kichakataji navyo hurudiwa, na kumbukumbu ya kashe pia, ile ndogo ya haraka iliyo ndani ya chipu. Lakini sehemu iliyo peke yake haina wa kuishika mkono. Doa likiangukia kidhibiti kikuu kinachogawa kazi, au saketi inayowasiliana na ulimwengu wa nje, chipu nzima ni takataka hata kama maelfu ya mamilioni ya transista nyingine ni salama. Ndiyo maana wabunifu huanza kufikiria kuhusu kasoro tangu siku ya kuchora ramani ya chipu, miaka kadhaa kabla ya sahani ya kwanza kuingia kiwandani.

Ukataji nao una kanuni zake. Katika PlayStation 5 vitengo vimepangwa kwa jozi, jozi 20, na zinazozimwa ni jozi 2. Kitengo kimoja kikiharibika, pacha wake mzima huzimwa pamoja naye, kwa kuwa wanatumia baadhi ya vifaa kwa ushirika.

Nusu nzima, nusu mbovu

Mbinu hii ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani, na mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Uingereza mwaka 1982. Kompyuta ndogo ya ZX Spectrum, iliyokuja kulea kizazi kizima cha watengenezaji wa gemu, iliuzwa ikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 16 au 48. Hiyo 48 ni namba ya ajabu. Kumbukumbu hupenda kuja kwa kuongezeka maradufu: 16, 32, 64. Basi 48 ilitoka wapi?

Ilitoka kwenye kilobaiti 16 za kawaida kujumlisha 32 za pembeni, na hizo 32 zilitengenezwa kwa chipu zilizoharibika. Wakati huo viwanda vilikuwa vinahangaika kuzalisha chipu za kumbukumbu za kilobiti 64, na nyingi zilitoka nusu moja ikiwa nzima na nusu ya pili ikiwa na doa. Badala ya kutupwa, ziliwekewa alama kuonyesha nusu ipi ni salama na kuuzwa kwa bei nafuu kama chipu za kilobiti 32. Kampuni ya Sinclair ilizichukua, zikapangwa nane nane kwenye ubao, kwa kuwa biti nane hufanya baiti moja.

Ila kulikuwa na sharti. Ubao una mstari mmoja wa umeme unaoamua nusu ipi ya chipu isomwe, na mstari huo ni wa chipu zote nane kwa pamoja. Kwa hiyo zote nane zilitakiwa ziwe na nusu nzima ya upande uleule. Kipande kifupi cha waya kilicholehemiwa kwenye ubao ndicho kilichochagua upande. Anayezikarabati mashine hizi leo bado hulazimika kukitazama kipande hicho kabla ya kubadilisha chipu hata moja, kwani akiweka yenye nusu tofauti, kompyuta itaandika data mahali palipokufa. Hakuna mchezaji aliyewahi kuhisi, akiwa katikati ya gemu, kwamba nusu ya silikoni iliyo mbele yake ni mbovu.

Sony ilifanya jambo la aina hiyo kwa kiwango kikubwa zaidi, na ilisema waziwazi. Ilipoitangaza PlayStation 3 mwezi Mei 2005, orodha ya sifa zake ilieleza kwamba kichakataji cha Cell, kilichobuniwa pamoja na IBM na Toshiba, kina visaidizi vinane vya kukokotoa, na kimoja kati ya hivyo kimeachwa kama akiba ya kasoro. Konsoli ilipoingia sokoni Novemba 2006, saba vilikuwa hai. Kimoja kilichukuliwa na mfumo endeshi, sita wakaachiwa waandishi wa gemu. IBM, kwa upande wake, iliuza seva zenye Cell kamili, vyote vinane vikiwaka, kwa wateja walioweza kulipia.

Miaka ilipita, Cell ikahama kutoka teknolojia ya utengenezaji ya nanomita 90 hadi 65 na baadaye 45. Chipu ikawa ndogo na kiwanda kikakomaa, hivyo uwezekano wa kukuta vyote vinane ni vizima ukapanda sana. Lakini cha nane hakikuwashwa. Hakikuweza. Gemu zilizokwisha kuandikwa zilijua kuna sita, na mwenye konsoli ya mwaka 2006 alikuwa na haki ya kucheza gemu ya mwaka 2012 sawasawa na mwenye mpya.

Hapo ndipo konsoli inapotofautiana na kompyuta ya kawaida. Konsoli ni ahadi kwamba mashine zote zenye jina hilo zinalingana. Kwa hiyo mtengenezaji huchora mstari mmoja mapema, na kila chipu inayoufikia inapita, hata iwe na madoa mawili au isiwe nalo hata moja. Chipu iliyotoka kiwandani ikiwa kamili kabisa nayo huzimwa vitengo vyake, ili isiizidi jirani yake. Kwa Xbox One X ya mwaka 2017 kulikuwa na mahali pa kupeleka zilizokamilika: mashine za waandishi wa gemu zilipewa vitengo vyote 44, na za wateja zikabaki na 40.

Kutokamilika pia si lazima kuwe doa. Chipu mbili zisizo na kasoro yoyote, kutoka sahani moja, zinaweza kuhitaji volti tofauti ili kufikia kasi ileile, na moja ikatoa joto zaidi ya nyingine. Kwenye hiyo Xbox One X, Microsoft ilipima kila chipu na kuurekebisha ubao wake wa umeme ulingane nayo. Sony ilipita njia nyingine mwaka 2020. Mark Cerny, mbunifu mkuu wa konsoli hiyo, alieleza kwamba kasi ya PlayStation 5 hupandishwa na kushushwa kwa kuangalia aina ya kazi inayofanywa, si joto la chipu iliyomo, ili konsoli yenye silikoni nzuri na yenye silikoni ya wastani zicheze gemu kwa namna moja. Naona huo ni uamuzi wa heshima kwa mnunuzi, maana hajui na hawezi kuchagua ni chipu ipi imemwangukia.

Ngazi ya kadi za michoro

Kwenye kompyuta hakuna mstari mmoja. Kuna ngazi. Chipu ya Nvidia iitwayo GA102 ina vitengo vikuu 84. Mwaka 2020 iliuzwa ndani ya RTX 3090 ikiwa na 82 na ndani ya RTX 3080 ikiwa na 68. Ramani ni moja, majina mawili, bei mbili zilizotengana sana. RTX 4090 ya mwaka 2022, ambayo wengi waliiona kilele cha kila kitu, ina 128 kati ya 144 vilivyomo. Kadi ya juu kabisa ya kizazi chake iliyouzwa kwa wacheza gemu nayo ni chipu iliyokatwa.

AMD huunda vichakataji vyake vingi vya Ryzen kwa vipande vidogo vya viini vinane. Kipande ni kidogo, kama milimita 80 za mraba, hivyo mavuno ni mazuri tangu mwanzo, na chenye kiini kibovu huenda kwenye kichakataji cha viini sita. Yapo matokeo ya kuvutia hapa. Mwaka 2023 kichakataji cha Ryzen 5 5600X3D kiliuzwa Marekani kupitia maduka ya Micro Center peke yake. Kilikuwa ndugu wa 5800X3D chenye viini viwili vilivyozimwa, na chipu za aina hiyo hazikuwa nyingi kiasi cha kutosha kusambazwa dunia nzima.

Lakini idadi ya viini peke yake haisemi kila kitu, na mfano bora ni vichakataji viwili vya mwaka 2020, Ryzen 3 3100 na Ryzen 3 3300X. Vyote vina viini vinne. Vyote vina megabaiti 16 za kashe ya ngazi ya tatu. Tofauti kubwa iko mahali ukataji ulipopita. Katika kizazi hicho, kipande cha viini nane kiligawanyika makundi mawili ya viini vinne, kila kundi na kashe yake. Kwenye 3300X viini vyote vinne vilivyo hai vimo katika kundi moja na vinatumia kashe moja. Kwenye 3100 viwili viko kundi hili na viwili kundi lile, na kashe imegawanywa nane kwa nane. Kiini kikitaka data iliyoko upande wa pili, lazima izunguke njia ndefu. Gemu ni kazi inayochukia kusubiri, kwa hiyo 3300X iliiacha 3100 nyuma kwa pengo ambalo tofauti ya kasi ya saa ya ndani ya vichakataji hivyo peke yake haiwezi kulieleza. Ukisoma sifa za chipu iliyokatwa, swali la pili baada ya "imebaki na vingapi?" liwe "vimebaki wapi?"

Ngazi ina upande wake mwingine. Wateja wa bei nafuu ni wengi kuliko wa bei ghali, na kiwanda kikikomaa chipu mbovu huwa hazitoshi kuwalisha. Hapo chipu nzima huzimwa sehemu zake ili kujaza pengo la chini. Wacheza gemu waliligundua hilo mapema. Kadi za Radeon 9500 za mwaka 2002 zilikuwa na chipu ileile ya 9700, na baadhi yake ziliweza kuamshwa kwa kubadilisha programu tu. Mwaka 2009 vichakataji vya Phenom II vya viini viwili au vitatu viliamshwa kuwa vya viini vinne kwa mpangilio mmoja ndani ya BIOS, programu inayoiwasha kompyuta, ya baadhi ya bodi. Mwishoni mwa 2010 ikafuata Radeon HD 6950, iliyogeuzwa kuwa 6970.

Ilikuwa bahati nasibu. Mwenye Radeon 9500 asiyekuwa na bahati aliona skrini imejaa vijisanduku kama ubao wa drafti, na mwenye Phenom aliona kompyuta ikizima katikati ya kazi, kwa sababu sehemu waliyoiamsha ilikuwa imezimwa kwa haki. Leo mlango huo karibu umefungwa. Ndani ya chipu kuna fyuzi ndogo sana zinazochomwa kwa umeme baada ya majaribio. Fyuzi ikishaungua, hakuna programu inayoirudisha.

Watu huuliza kama kumzimia mteja chipu nzima ni haki. Kwa maoni yangu, ndiyo, maadamu alichoahidiwa ndicho alichopewa. Aliyelipia vitengo 68 na akapata 68 vinavyofanya kazi hana deni analodai. Dhuluma huanza pale sifa zilizoandikwa zinapopishana na kilichomo.

Kadi ya gigabaiti tatu na nusu

Septemba 2014 Nvidia ilitoa GTX 970, kadi iliyopendwa sana kwa bei yake. Chipu yake ina vitengo vikuu 16 na ilikatwa hadi 13, jambo lililofahamika na lisilo na tatizo. Iliandikwa kuwa ina gigabaiti 4 za kumbukumbu, na ni kweli zilikuwepo. Lakini Januari 2015 watumiaji waliokuwa wakipima kumbukumbu ya kadi zao waliona kasi ikianguka ghafla karibu na mwisho.

Sababu ilikuwa ukataji mwingine ambao haukutajwa. Chipu hii ina vipande vinane vya kashe ya ngazi ya pili, kila kimoja kikiwa mlango wa gigabaiti nusu ya kumbukumbu. Kwenye 970 kipande kimoja kilizimwa. Kumbukumbu iliyokuwa ikipitia mlango huo haikuachwa. Iliunganishwa kwenye mlango wa jirani yake. Matokeo yake kadi ikawa na gigabaiti 3.5 za kasi ya kawaida, na nusu gigabaiti ya mwisho iliyo nyuma ya mlango wenye msongamano. Sifa zilizosambazwa kwa waandishi wa habari za teknolojia zilitaja kashe ya megabaiti 2 na vitengo 64 vya kukamilisha picha. Ukweli ulikuwa megabaiti 1.75 na vitengo 56.

Kwa uhandisi, ule ulikuwa ubunifu mzuri. Bila ule mlango wa pamoja, kadi ingelazimika kuuzwa na kumbukumbu pungufu. Lakini mnunuzi aliambiwa jambo moja akapewa jingine. Kesi ilifunguliwa Marekani na mwaka 2016 ikamalizwa kwa makubaliano ya kulipa dola 30 kwa kila kadi. Ningependa kila kampuni ya chipu ilichukue hilo kama mpaka: kateni mnachohitaji kukata, lakini andikeni kila mlichokata, hasa kwenye kashe na njia za kumbukumbu ambako mteja wa kawaida hana macho ya kuona.

Februari 2025 kosa likatokea kwa namna nyingine. Baadhi ya kadi mpya za RTX 5090 zilikutwa na vitengo 168 vya kukamilisha picha badala ya 176, na tatizo la aina hiyo likaonekana pia kwenye 5080 na 5070 Ti. Nvidia ilikiri, ikasema zilizoathirika ni chini ya nusu asilimia na kwamba kasi hupungua kwa wastani wa asilimia 4, ikawaelekeza wateja wabadilishiwe kadi. Mara hii hapakuwa na mpango uliofichwa. Chipu zilizopaswa kuzuiliwa zilipita kwenye mchujo.

Je, chipu iliyokatwa hufa mapema? Swali hili linaulizwa mno, na hofu hiyo haina msingi. Doa la kiwandani si ugonjwa unaosambaa. Ni waya uliokatika mahali pamoja, na kesho utakuwa umekatika palepale. Sehemu iliyozimwa haipewi kazi, na iliyobaki imepita majaribio yaleyale ya joto na volti ambayo chipu nzima hupitia. Joto la kupita kiasi, vumbi kwenye feni na umeme usiotulia huua kadi nyingi bila kuuliza zina vitengo vingapi.

Zilizoshindwa hata mstari wa konsoli

Zinabaki chipu ambazo madoa yake yamezidi hata kiwango cha konsoli. Konsoli haina mdogo wa kurithi chipu yake (hata Series S ina chipu yake tofauti), kwa hiyo chipu ya PlayStation yenye vitengo 30 vizima haikuwa na pa kwenda. Kwa miaka mingi mwisho wake ulikuwa jaa. Sasa baadhi zinapata njia.

Mwaka 2021 AMD ilileta seti ya kompyuta ya mezani iitwayo 4700S: ubao, chipu yenye viini vinane na kumbukumbu ya GDDR6 iliyolehemiwa moja kwa moja kwenye ubao. Silikoni yake ni ya familia ileile ya PlayStation 5, ila upande wote wa michoro umezimwa. Unatakiwa uweke kadi yako ya michoro, na hapo ndipo kwenye kero, kwani njia ya kuiunganisha ni nyembamba na ya kizazi cha zamani, PCIe 2.0 yenye mistari minne. Kadi yenye nguvu hubanwa koo mlangoni. Isitoshe, GDDR6 ni kumbukumbu iliyoundwa kumimina data nyingi kwa mpigo, si kujibu haraka ombi dogo moja moja, na kichakataji hupenda hilo la pili. Seti iliyofuata, 4800S, yenye silikoni inayofanana na ya Xbox Series X, ilipanua njia hiyo hadi PCIe 4.0, na ikawa nafuu kubwa.

Inayonifurahisha zaidi ni BC-250. Ubao huu ulitengenezwa na ASRock kwa ajili ya wachimbaji wa sarafu za kidijitali, ukiwa na chipu ya ukoo wa PlayStation 5 yenye viini 6 na vitengo 24 vya michoro, pamoja na gigabaiti 16 za GDDR6. Bodi hizi ziliuzwa zikiwa 12 ndani ya sanduku moja la chuma, zikikoroga hesabu usiku na mchana. Soko la uchimbaji lilipoanguka, bodi zilimwagika kwenye mitumba kwa bei ndogo, na wapenzi wa Linux wakazigeukia. Tofauti na 4700S, hapa upande wa michoro uko hai. Kilichokosekana kilikuwa draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo endeshi kukitumia kifaa, maana hakuna aliyekusudia ubao huu uoneshe picha ya gemu. Wachangiaji wa programu huria waliusoma muundo wake hadi msaada wake ukaingia katika Mesa, mkusanyiko wa draiva za michoro zinazotumiwa na Linux.

Anayetaka kuutumia ajue anachokabili. Kipoza joto chake kilitegemea feni kali za sanduku la wachimbaji, kwa hiyo juu ya meza kinahitaji feni yenye nguvu na njia nzuri ya hewa, la sivyo chipu hupunguza kasi au kuzima. Kumbukumbu ni ya pamoja, na mgao kati ya kichakataji na michoro huwekwa kwenye BIOS. Windows haina draiva zake. Ukishavuka hayo, una mashine inayoendesha gemu nyingi za kisasa kwa ubora wa 1080p, juu ya silikoni iliyokataliwa mara mbili: kwanza haikufaa konsoli, kisha haikuhitajika tena na wachimbaji.